Simu Isiyobisha Hodi

Msomaji kijana, katika desturi tulizozipokea kutoka kwa watu wa pwani na kuzieneza hata bara, ni chache zilizoenea kama desturi ya kubisha hodi. Mgeni hufika mbele ya nyumba, husimama nje ya kizingiti, hupaza sauti akasema "Hodi!", kisha hungoja. Akiitikiwa "Karibu!" huingia. Asipoitikiwa hurudia mara ya pili, na mara ya tatu. Na kama kungali kimya, huenda zake bila ya kinyongo. Waislamu wamefundishwa na dini yao kwamba ruhusa huombwa mara tatu, na asiyepewa na arudi alikotoka. Wasio Waislamu nao wameipokea desturi hiyo kwa uzuri wake, na leo katika mitaa ya Langas, Huruma na Kapsoya mjini Eldoret utaisikia kila siku vinywani mwa watu wa kila kabila.

Yatazame vema mambo matatu yaliyomo ndani ya hodi. La kwanza, mgeni yu nje na mwenye nyumba yu ndani, wala hapana awezaye kuufungua mlango ila mwenye nyumba. La pili, mgeni hujulisha nafsi yake, akiulizwa "Nani?" hujitaja jina, na akiulizwa haja yake huitaja. La tatu, kimya ni jibu, na jibu lenyewe ni kukataa. Yaweke moyoni mambo hayo matatu, maana ndiyo tutakayoyatumia kuipimia habari inayofuata.

Sasa chukua mfano huu. Ni mwezi wa Novemba, na mkulima wa Ziwa, kaskazini ya Eldoret, yumo shambani na vibarua wake wakivuna mahindi. Simu yalia mfukoni. Nambari haijui, lakini ana mtoto katika shule ya bweni na mama aliyelazwa hospitalini, kwa hiyo hathubutu kuiacha. Ajipangusa mikono, aipokea. Sauti tamu yamwita kwa jina lake, yamwuliza hali, kisha yaanza kumweleza habari za mkopo, au bima, au kiwanja kinachouzwa kwa bei nafuu mahali asipopata kupaona. Huyu anayenena naye hakuitwa, hajulikani, wala hakupewa nambari na mwenyewe. Akikatiwa leo, kesho mwenziwe atapiga kwa nambari nyingine.

Wengi husema hiyo ni kero ndogo, kama ya nzi juu ya chakula. Walakini kero hiyo ina historia, na mtu akiifuata historia yake hufikia swali kubwa: jina langu na nambari yangu ni mali ya nani? Swali hilo halikuzuka siku simu ilipolia shambani. Lilianza zamani, na yafaa tulifuate tangu mwanzo.

Simu ya mdomo ilibuniwa Marekani na Alexander Graham Bell, aliyepewa hati ya ubunifu wake mwaka 1876. Kabla yake ilikuwako simu ya maandishi, na mwaka 1879 waya wake uliopita chini ya bahari ulifika Unguja. Upande wa bara, waya uliandamana na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Waya huo ulipita katika nchi za watu ambao hawakuulizwa. Wanandi, waliokuwa wenyeji wa milima iliyo kusini ya mahali ulipo Eldoret leo, waliukata mara kwa mara wakafanyizia mapambo ya mikono na shingo. Waingereza waliuita wizi, wakauhesabu miongoni mwa sababu za kuwapiga vita Wanandi. Na vita hivyo havikuisha hata mwaka 1905, alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei. Sisemi kwamba vita vile vililetwa na waya peke yake. Ardhi na utawala ndivyo vilivyokuwa kiini chake. Lakini ni vema kukumbuka kwamba katika nyanda hizi simu yenyewe iliingia nchini bila ya kubisha hodi.

Mwaka 1908 simu ya mdomo ilianza kuwatumikia watu wa Nairobi na Mombasa. Mwaka huohuo Makaburu kutoka Afrika Kusini waliwasili katika uwanda wa Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 palifunguliwa posta mahali palipojulikana kwa nambari tu, yaani 64, na hata leo wazee wa mji hupaita Sikisti Foo. Mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret, na mwaka 1924 reli ikafika. Basi mji huu ulizaliwa na posta, na posta ndiyo iliyokuwa mama wa simu.

Katika zama hizo simu ilikuwa na milango miwili iliyoilinda nyumba ya mwenye kuimiliki. Mlango wa kwanza ulikuwa gharama. Kufunga waya kulikuwa ghali, na kusema na mtu wa mji wa mbali kulihesabiwa kwa dakika, tena kwa bei ya kumfanya mtu afupishe maneno yake. Mlango wa pili ulikuwa karani wa simu. Aliyetaka kusema na mwenziwe hakumfikia moja kwa moja. Alimwita kwanza karani kituoni, akamtajia nambari aitakayo, na karani akachomeka waya mahali pake ili wawili hao wasikizane. Kila mazungumzo yalipitia mkononi mwa mtu.

Usidhani ya kuwa nazisifu zama zile kupita kiasi. Mlinzi wa mlango huweza kuwa mdaku. Karani aliweza kusikiliza, na katika mashamba, ambako waya mmoja ulitumiwa na nyumba kadhaa, jirani naye aliweza kuinua simu yake akasikia siri za mwenziwe. Yasimuliwa pia kwamba huko Marekani mtu mmoja, Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia mazishi kwa malipo, alishuku kwamba wafiwa waliomtaka yeye walikuwa wakipelekwa na karani wa simu kwa mshindani wake. Hasira ikamfanya abuni mtambo wa kuunganisha simu bila ya karani, akapewa hati ya ubunifu huo mwaka 1891. Mitambo ya namna hiyo ilipoenea duniani, mlango wa karani ukaanza kufunguka wenyewe.

Huenda ukaniuliza swali la haki: "Mbona zamani majina na nambari za simu zilichapwa hadharani katika kitabu cha simu, kila mtu akazisoma, na bado watu hawakusumbuliwa?" Jibu ni kwamba kitabu kile kilikuwa na majina machache, na kumpigia kila aliyetajwa humo kungemfilisi mfanyabiashara kabla ya kumtajirisha. Shirika la Posta na Simu la Kenya liliundwa mwaka 1977, ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Lakini hata mwaka 1999, ilipohesabiwa Kenya kuwa na watu milioni 28.7, simu za waya zilikuwa 300,000 hivi tu. Watu walipanga foleni penye vibanda vya simu nje ya posta, sarafu mkononi. Mchuuzi ambaye angetaka kuwauzia sabuni akina mama wa Huruma kwa simu asingeona simu ya kupiga. Ilimbidi atembee nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni abishe hodi.

Kisha milango yote miwili ikaanguka katika muda mfupi sana. Mwaka 1999 Shirika la Posta na Simu liligawanywa, na mwaka uliofuata kampuni za simu za mkononi zikaanza kushindana kuwatafuta wateja. Bei ya simu ikashuka, na gharama ya kupiga ikashuka pamoja nayo. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na tangu siku hiyo nambari ya simu ikawa pia mkoba wa fedha. Mtu ambaye zamani angeweza kubadili nambari bila ya kujali sasa hakuweza, maana ndiyo aliyolipiwa kwayo mshahara, maziwa na mahindi yake.

Mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, Eldoret na viunga vyake vilipatwa na msiba mkubwa wa mauaji na kufukuzana. Katika siku hizo ujumbe mfupi wa chuki ulisambazwa kwa simu, ukaingia katika mifuko ya watu ambao hawakuuomba. Hapo nchi ilijifunza kwa uchungu kwamba neno linalotumwa kwa maelfu kwa mara moja si jambo la mchezo. Mwaka 2010 serikali ikaanza kuwataka wenye laini wote waandikishe majina yao. Ilikuwa amri yenye sababu njema, kwani mwovu hujificha nyuma ya nambari isiyo na jina. Walakini kila dawa ina uchungu wake: sasa kila nambari ilikuwa na jina, na mahali penye jina na nambari pamoja, pana kitu cha kuuzwa.

Fikiri ni mara ngapi, tangu mwaka kuanza, wewe au mzazi wako mmeandika jina na nambari ya simu. Mmeandika katika kitabu cha askari langoni pa jengo la ofisi. Mmeandika dukani mkitumai kushinda zawadi ya bahati nasibu. Mmeandika hospitalini, shuleni, kwa wakala wa fedha, na katika karatasi ya mchango wa harusi. Kila moja ya karatasi hizo mliiandika kwa ajili ya haja moja maalumu. Askari aliitaka nambari ili ajue ni nani aliyeingia. Hakuambiwa aipeleke kwa muuza viwanja. Kwa maneno mengine, mliweka amana. Na mwenye kuwekewa amana, akiitumia kwa haja nyingine bila ya idhini, amefanya hiana, hata kama hakuchukua senti mfukoni mwa mtu.

Hiana hiyo ilionekana wazi zaidi kwa wakopeshaji wa simu. Katika miaka ya 2010 zilizuka kampuni nyingi za kutoa mikopo midogo kwa simu ya mkononi. Mkopaji hakuhitaji mdhamini wala hati ya shamba. Alihitaji tu kuweka programu katika simu yake. Lakini baadhi ya programu hizo zilitaka ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa humo. Mkopaji akichelewa kulipa, kampuni iliwapigia simu mkwewe, mwajiri wake, hata mchungaji wake, ikamtangaza kuwa mdeni. Mtu asiyekopa hata shilingi akajikuta anadaiwa maneno. Zingatia: huyo mkwe hakumpa mkopeshaji nambari yake, alimpa mwana wa nyumbani kwake tu.

Wakenya hawakuwa wa kwanza kupatwa na mashaka haya. Huko Marekani mashine za kupiga simu zenyewe, na kushuka kwa gharama za simu za masafa, viliwafanya wafanyabiashara wawapigie watu usiku na mchana. Bunge lao likatunga sheria mwaka 1991, na mwaka 2003 ikafunguliwa orodha ya taifa ambamo mtu asiyetaka kupigiwa simu za biashara huandikisha nambari yake. Kwa siku chache za kwanza mamilioni ya nambari yaliandikwa. Uingereza ilikuwa na orodha kama hiyo tangu mwaka 1999. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina kasoro moja: asiyejua kwamba orodha ipo, au asiyepata nafasi ya kujiandikisha, huhesabiwa kuwa amekubali. Kimya chake huchukuliwa kuwa karibu.

Kenya ilichagua njia nyingine, nayo yafaa kila mwanafunzi aijue. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na miongoni mwa mambo inayoyakataza ni kutakwa au kufichuliwa bila ya sababu habari za jamaa yake na mambo yake ya binafsi. Mwaka huohuo zilitolewa kanuni za kuwalinda watumiaji wa simu, zilizotaka mtu aridhie kwanza kabla ya kupigiwa na mashine kwa ajili ya biashara. Lakini kanuni hizo hazikuwafikia wenye kukusanya nambari katika vitabu vya malangoni. Haja hiyo ilitimizwa na Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019.

Sheria hiyo yasema kwamba mtu asitumie habari za mwenziwe kwa biashara isipokuwa ameomba ridhaa yake na kuipata waziwazi, au ameruhusiwa na sheria nyingine iliyoandikwa na mwenye habari akajulishwa. Yampa mwenye habari haki ya kuambiwa zinakotumika, haki ya kuzitazama, haki ya kusahihishiwa zilizo za uongo na kufutiwa zilizopotosha, na haki ya kukataa zisitumiwe. Kanuni zilizotolewa mwaka 2021 ziliongeza kwamba kila anayemtangazia mtu bidhaa moja kwa moja hana budi kumpa njia nyepesi ya kusema "basi", na akishaambiwa basi, anyamaze.

Sasa rudi kwenye vile vipimo vitatu vya hodi. Sheria yamtaka mgeni asimame nje mpaka apewe ridhaa. Yamtaka ajitaje na aseme haja yake. Na la tatu, lililo kubwa kuliko yote, yahesabu kimya kuwa ni kukataa. Mtu wa Ziwa ambaye hajawahi kuisikia sheria hii, ambaye hakujiandikisha popote, analindwa nayo sawasawa na wakili wa Nairobi. Watunga sheria walikuwa wakiandika juu ya mitambo ambayo babu zetu hawakuiota, lakini walifika palepale walipofika babu zetu.

Sheria bila ya mtekelezaji ni kama panga lililotundikwa ukutani. Kwa hiyo ikaundwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na kamishna wake wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa mwezi wa Novemba 2020. Mtu aliyeonewa huweza kumpelekea malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria yataka uchunguzi umalizike kwa siku 90. Anayekosa huweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Wakopeshaji nao walifungiwa mlango mwingine: sheria ya mwishoni mwa mwaka 2021 iliwaweka chini ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni za mwaka 2022 zikawakataza kuwapigia simu watu waliomo katika simu ya mkopaji bila ya idhini.

Je, maneno hayo yalibaki kitabuni? Hapana. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini tatu kwa mara moja. Mojawapo, ya shilingi 2,975,000, ilitozwa kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha huduma za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa sababu ya kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia watu vitisho na kuwasumbua kwa simu. Nyingine, ya shilingi 4,550,000, ilitozwa shule moja iliyotangaza picha za wanafunzi wadogo bila ya ridhaa ya wazazi. Nimeitaja hii ya pili ili ujue kwamba sheria haikutungwa kwa ajili ya watu wazima na fedha zao tu. Sura yako nayo ni amana mkononi mwa mwenye kuipiga picha.

Hata hivyo, haki yataka tumsikilize na mpigaji. Aghalabu huyo si mwenye kampuni. Ni kijana aliyemaliza shule juzi, akatafuta kazi mwaka mzima, akaipata katika chumba chenye meza nyingi na simu nyingi, naye amepewa orodha ya majina asiyojua yalikotoka na hesabu ya watu anaopaswa kuwashawishi kabla ya jua kuchwa. Asipoitimiza, nafasi yake hupewa mwingine. Kumtukana kijana huyo ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo. Mkatalie kwa adabu, na lawama uielekeze kwa aliyemkabidhi orodha.

Wala biashara yenyewe haikukatazwa. Mkulima yuleyule wa Ziwa, akiwa amejiandikisha mwenyewe kupata mbolea ya ruzuku, huungoja kwa hamu ujumbe wa kumwita ghalani, na kila simu ikilia huitazama kwa furaha. Mwenye duka la pembejeo mjini Eldoret anayewauliza wateja wake, "Je, mwataka niwaletee habari za bei za mbegu?" na kuwaandikia wale tu wanaosema ndiyo, hana kosa, tena hupata wasikilizaji wazuri kuliko anayewavamia watu 10,000. Mgeni aliyekaribishwa husikilizwa.

Pana tofauti nyingine ambayo usiisahau. Mchuuzi wa simu husumbua, tapeli huiba. Wakenya wote wanalijua lile neno la "tuma kwa hii namba", linalotumwa na watu waongo kana kwamba ni jamaa aliyepotelewa na simu. Tapeli huweza kujifanya mchuuzi, au afisa wa benki, au mwalimu mkuu wa shule ya mdogo wako. Kwa hiyo nambari yako ya siri ya fedha usimpe mtu yeyote kwa simu, ajapotaja jina lako, la baba yako na la ukoo wako. Kulijua jina lako si ushahidi wa ukweli wake. Umekwisha kuona hapo juu jinsi majina yanavyopatikana kwa wepesi.

Basi mtu afanyeje simu ya namna hiyo inapolia? Na aulize maswali mawili kwa utulivu: "Wewe ni nani, na unatoka kampuni gani?" na "Nambari yangu umeipata kwa nani?" Kisha aseme waziwazi kwamba hakutoa ridhaa, na jina lake liondolewe katika orodha. Aandike tarehe, saa na nambari iliyompigia, na kama ni ujumbe mfupi asiufute, kwa sababu huo ni ushahidi. Wakirudia, na apeleke malalamiko kwa Kamishna. Wengi huona taabu kufanya hayo, wakaridhika kukata simu na kunung'unika. Manung'uniko ya watu milioni moja hayatozi faini ya shilingi moja, lakini malalamiko ya watu wachache walioandika yaliwatoza watu mamilioni.

Nitakuwa nimekudanganya nikikuambia kwamba sheria imemaliza kazi. Wako wapigaji wanaobadili nambari kila wiki wasijulikane walipo. Vitabu vingali wazi malangoni, na kila anayeandika jina lake husoma majina ya waliomtangulia. Tena sisi wenyewe tu wepesi wa kugawa nambari za wenzetu, mtu akituuliza, "Una nambari ya fulani?" twampa papo hapo, bila ya kumwuliza huyo fulani. Kamishna mmoja hawezi kusimama katika kila mlango wa Eldoret, mji uliohesabiwa watu zaidi ya 475,000 mwaka 2019 na kupewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, licha ya kusimama katika milango ya Kenya nzima.

Ndiyo sababu nimekuandikia wewe uliye shuleni. Miaka michache ijayo utakuwa upande wa pili wa kitabu. Utakuwa karani wa zahanati, au mweka hazina wa kikundi, au mwenye duka, au mwalimu, na mbele yako patakuwa na orodha ya majina na nambari za watu waliokuamini. Siku moja atakuja mtu mwenye maneno matamu na bahasha, akutake umpe nakala. Hakuna atakayewaona, wala pengine hakuna atakayejua. Siku hiyo sheria itakuwa mbali, na mlango utakuwa mkononi mwako.

Na kabla ya siku hiyo kufika, anza na jambo dogo. Wiki hii utasukumiwa kitabu mahali fulani, uambiwe uandike jina na nambari. Kabla ya kuishika kalamu, uliza kwa adabu: kitabu hiki ni cha kazi gani, na ni nani atakayekisoma?